Sahihi ya Mtani Wangu

Jumatatu, 11 Septemba

Nimefika Sumbisi leo na tayari nimetukanwa.

Begi sijaliweka hata chini. Mwalimu mkuu, Madam Talata, amenipeleka moja kwa moja darasa la sita kunikabidhi kwa mwalimu mlezi, yule atakayekuwa ananitazama nikifundisha mpaka Desemba. Mwanamume wa miaka hamsini hivi, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kulisogelea, chaki ameichomeka sikioni. Anaitwa Mwalimu Akolgo. Akaniuliza jina na kwetu. Nikamwambia Perpetua Kuuire, natoka Nandom.

"Nandom!" Akawageukia watoto arobaini. "Simameni nyote. Mnamwona huyu? Huyu Mdagaaba. Mtumwa wangu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa kichwa cha mbwa, na chenji akarudishiwa."

Watoto wakaangua kicheko. Lakini na mimi sikulelewa na bubu. Nikamwambia, "Ni kweli, Mfrafra alilipa kichwa, maana mwili mzima alishautafuna njiani, pamoja na mkia na kamba ya kumfungia." Hapo darasa likalipuka. Mwalimu Akolgo alicheka mpaka akafuta machozi, akanishika mkono, akaniambia karibu.

Ndivyo tulivyo. Sisi Wadagaaba na wao Wafrafra ni watani tangu dunia haijakauka. Tunatukanana sokoni, kanisani, hata msibani, na anayekasirika ndiye mjinga. Bibi yangu alikuwa akisema mtani akikutukana umefika nyumbani. Akikunyamazia, tafuta viatu vyako.

Nimempa fomu ya chuo. Kurasa nne. Ajaze alama, atie sahihi, Madam Talata apige muhuri, ifike chuoni isizidi tarehe kumi na tano Desemba. Fomu isipofika, jina langu haliingii kwenye mtihani wa leseni wa Januari. Bila leseni hakuna shule ya kuniajiri, na masista wa Nandom wamesema nafasi yangu wananiwekea mpaka Februari, si siku moja zaidi. Miaka minne ya chuo kikuu imekaa juu ya kurasa nne.

Ameipokea, ameitia kwenye droo, amefunga kwa ufunguo.

Jumanne, 12 Septemba

Mvua kutwa. Chini ya bati lile lenye kelele nimefundisha kwa mikono kama kiziwi.

Ijumaa, 15 Septemba

Amenirudishia maandalio ya masomo ya wiki nzima. Kalamu nyekundu kila mahali. Chini ameandika: "Mbwa ana miguu minne. Andalio hili lina miwili. Rudia." Nimerudia. Amerudisha tena: "Sasa lina mitatu."

Nimecheka, lakini meno tu.

Jumatatu, 25 Septemba

Sasa nimeelewa huyu mzee anachofanya. Kanuni ya chuo inasema nianze na masomo mawili, niongezewe polepole. Leo nina sita. Hesabu, sayansi, Kiingereza, dini, jamii, hata kuimba. Yeye amekaa nyuma ya darasa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yamefika kidevuni, anaandika, anaandika. Nikisema neno, anaandika. Nikifuta ubao, anaandika. Makosa gani hayo yanayojaza daftari zima?

Kitabu changu cha upimaji na mbinu, kile kinene, amekichukua tangu wiki ya kwanza. Eti anakikagua. Tangu lini kitabu cha chuo kinakaguliwa na mtu wa Sumbisi?

Nimemkumbusha fomu.

"Mtumwa haulizi karatasi za bwana wake," akasema, mbele ya walimu wote wakinywa uji. Wote hehehe. Nikajibu kitu kuhusu masikio yake, wakacheka zaidi. Lakini fomu sijaiona.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimemkumbusha. "Mtumwa bado mbichi."

Jumatano, 4 Oktoba

Nimemkumbusha. "Niletee kwanza kichwa cha mbwa."

Jumatano, 11 Oktoba

Msimamizi wangu wa chuo amekuja bila taarifa. Dakta Ofosu, mtu wa kusini, viatu vyeupe kwenye tope letu. Amekaa kunitazama somo la ujazo. Nilikuwa na vibuyu, ndoo na mchanga, watoto wakapima wenyewe, mambo yakaenda vizuri mpaka Mwalimu Akolgo akapaza sauti kutoka nyuma: "Usimwamini sana, Dakta! Mdagaaba akipima pombe, nusu inaishia tumboni."

Dakta Ofosu akakunja uso kama amemeza dawa. Baada ya somo akaniita pembeni.

"Anakusemesha hivi kila siku?"

"Kila siku, Dakta."

"Huu ni unyanyasaji. Naweza kuandika ripoti."

Ee Maria, nilikaribia kusema andika! Lakini ningemwandikia nini Mfrafra? Kwamba ameniita mtumwa? Nandom nzima ingenicheka mpaka wajukuu wangu. Nikamweleza Dakta utani ni nini. Akatikisa kichwa, akasema mambo yenu ya kaskazini hayamwingii, lakini kama mimi naridhika basi. Kisha akamwendea Mwalimu Akolgo, akamwambia ahakikishe ukurasa wa nne umejazwa wote, maana mwaka jana walirudisha fomu nyingi zenye mapengo.

Mwalimu Akolgo akasema samahani, kuna watoto wanapigana nje, akatoka. Nilichungulia dirishani. Uwanja ulikuwa mtupu, mbuzi wawili tu. Dharau gani hii, mgeni wa watu kutoka chuo kikuu anaachwa anazungumza na ukuta?

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimefua. Nimemsaidia mwenye nyumba wangu, Mma Lamisi, kukausha kimea cha pombe. Nimemtukana Mwalimu Akolgo peke yangu nikianika mtama, na haukuwa utani.

Jumanne, 24 Oktoba

Malaria. Siandiki.

Alhamisi, 26 Oktoba

Homa imeshuka nikajikokota shuleni. Kabla sijafika mlangoni nasikia darasa linanguruma. Nikasimama dirishani.

Mwalimu Akolgo amechora mbwa ubaoni. Mbwa mkubwa, masikio, mkia, mpaka kiroboto. Amemkatakata kwa mistari. "Haya! Mbwa mzima ni nane ya nane. Wakwe wamekuja, tumewapa moja ya nane, paja. Mjomba naye moja ya nane. Imebaki ngapi?"

"Sita ya nane, Mwalimu!"

"Tuifupishe kabla nzi hawajaja."

"Tatu ya nne!"

"Sasa Madam Perpetua anaumwa kitandani, lazima apelekewe kichwa, na kwa Mdagaaba kichwa ni robo nzima kwa sababu anakila na mawazo yake. Nani atanitolea?"

Mikono arobaini hewani. Hata Atampoka, ambaye tangu Septemba sijasikia sauti yake, alikuwa amesimama juu ya kiti akilia "Mimi, Mwalimu, mimi!"

Sehemu zile zile nimezifundisha wiki mbili kwa kadi za rangi nilizokesha nikikata. Mchana nikawapa jaribio. Thelathini na mmoja wamepata yote. Kwa kadi zangu walipata tisa.

Nilimchukia leo kuliko siku zote. Mtu anayejua kufundisha namna ile ameketi wiki sita magoti kidevuni ananitazama nikizama, na neno moja la msaada hana. Wivu? Ndiyo, wivu. Haya ni maandishi yangu, nitaficha nini.

Jumatatu, 6 Novemba

Vumbi la jangwa limeingia. Asubuhi huoni bendera ukiwa chini ya mlingoti. Midomo imepasuka, nikicheka inatoka damu, kwa hiyo nimepata sababu ya kutocheka.

Nimekwenda kwa Madam Talata. Nimemwambia wazi: mama, wiki tano zimebaki, fomu iko kwenye droo ya Mwalimu Akolgo, kila nikiomba ananitania. Alikuwa anafuta vumbi kwenye sanduku la mihuri. Hakuniangalia.

"Ni mtani wako, mwanangu. Vumilia. Atasaini."

"Wewe huwezi kusaini badala yake?"

"Mlezi wako ni yeye. Nikisaini mimi watauliza kwa nini." Akafunga sanduku. "Atasaini."

Wameungana. Wote Wafrafra, wameungana.

Jumatano, 8 Novemba

Nimemkumbusha. "Karanga zikivunwa."

Jumatano, 15 Novemba

Karanga zimevunwa. Nimemkumbusha. "Mtama ukivunwa."

Jumanne, 21 Novemba

Mtama umevunwa! Hata mabua yamechomwa!

Nimemfuata uwanjani, nimemwambia bila kucheka, "Mwalimu, nakuomba kama mtu na mtu, siyo utani. Tia sahihi."

Akanitazama. Kwa dakika hivi nilidhani anataka kusema kitu. Uso ulikuwa umechoka, mzee ghafla. Kisha akapiga makofi na kuwaita watoto: "Njooni mwone! Mtumwa amekasirika! Mdagaaba amekasirika!" Wakaja mbio, wakanizunguka wakiimba. Na mimi, kwa kuwa sheria ni sheria, nikalazimika kucheza.

Nilipofika nyumbani nililia kwa hasira. Mchawi mkubwa huyu. Ameuvaa utani kama ngao, na mimi siwezi kupiga, maana kila nikirusha jiwe watu wanashangilia. Kama ni roho mbaya afanye roho mbaya ya wazi, nimshtaki. Hii ya kuchomwa kisu huku ukichekeshwa siitaki.

Jumatano, 22 Novemba

Mma Lamisi ameniona macho yamevimba. Nimemsimulia yote tukikoroga pombe. Yeye naye Mfrafra, lakini aliolewa kwetu Wadagaaba, Lawra, akarudi mjane, anatujua.

"Mtani hamshtaki mtani," akasema. "Unataka kwenda kwa nani? Kwa mkuu wa wilaya? Atakucheka."

"Basi nimfanye nini?"

Akaonja pombe kwa kata, akatema. "Baba yake Akolgo alikufa Machi. Wakamzika. Matanga ya mwisho walingoja mavuno. Ni Jumamosi ya tarehe tisa Desemba." Akanitazama kwa jicho la pembe. "Kwenye matanga ya Mfrafra, Mdagaaba anafanyaje?"

Nikakumbuka. Mtani anaingia. Anavaa nguo za marehemu, anakalia kigoda chake, anaiga sauti yake, anashika kitu chake, na mazishi hayaendi mbele mpaka amegombolewa. Kwa kawaida ni kuku, au chungu cha pombe, au pesa kidogo, sidi mbili tatu. Lakini anachotaka mtani hakikataliwi. Wafrafra walifanya hivyo kwetu. Mmoja alilala kaburini mwa babu mpaka akapewa beberu.

"Huko mtumwa ndiye bwana," akasema Mma Lamisi.

Jumatano, 29 Novemba

Siku kumi. Nimeacha kumkumbusha. Naona inamsumbua. Leo ameniuliza mwenyewe, "Mtumwa, mbona hudai?" Nikamwambia nimekuachia Mungu. Kuna raha ya aina yake katika kumnyima adui kelele.

Jumatatu, 4 Desemba

Mitihani. Droo ilikuwa wazi alipokwenda chooni, nikaichukua fomu yangu. Si wizi, jina ni langu. Tupu kabisa! Hata tarehe hakuandika. Miezi mitatu!

Jumamosi, 9 Desemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Nilifika saa nane mchana na Mma Lamisi. Uwanja wa kina Akolgo umejaa mpaka nje ya ukuta, magoma, zeze, wanaume wamevaa mavazi ya vita na kofia za pembe, vumbi limepanda mpaka jua limekuwa kama sarafu. Kaka yao mkubwa, Mzee Apusiga, ndiye msemaji wa ukoo. Amekaa penye mlango wa marehemu na vitu vya marehemu mbele yake: kigoda, joho la mistari, kofia, podo, fimbo. Vitu hivi lazima vitolewe nje ya lango na kuagwa kabla jua halijatua, ndipo mzee aende kwa babu zake.

Nikapita katikati ya watu, nikalivaa joho. Nikavaa kofia. Nikakaa kwenye kigoda, nikashika fimbo.

Kelele iliyopigwa! "Mdagaaba! Mdagaaba amekuja!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mma Lamisi alikuwa amenifundisha namna mzee alivyosema, kwa pua na kikohozi katikati. Nikakohoa. "Hii pombe, khu, imepikwa na nani? Nimekufa, sawa, lakini sijawa kipofu. Maji matupu!" Watu wakajigaragaza. Nikamwita mkwe nikamuuliza mbuzi wangu yuko wapi. Nikamwita jirani nikamwambia arudishe jembe. Mzee Apusiga alikuwa anafuta machozi ya kicheko, anasema, "Baba, ni wewe kabisa! Ni wewe!"

Na Mwalimu Akolgo? Alikuwa amesimama na walimu wenzetu na Madam Talata, naye anacheka kuliko wote. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba niliona anacheka mpaka ndani. Akaja mbele na kuku mweupe. "Mtumwa, haya, chukua kuku wako utuachie baba yetu."

"Sitaki kuku."

"Beberu?"

"Khu. Wewe ni mwanangu gani?" nikasema kwa sauti ya marehemu.

"Akolgo, baba. Mwalimu."

"Mwalimu! Basi nataka kitu cha mwalimu." Nikachomoa fomu kwenye mkoba, nikaikunjua. "Saini hapa."

Watu wakapiga makofi. Kitu kipya hiki! Mtani anadai karatasi! Lakini nilimwona uso wake ukifunga, taratibu, kama duka la mtu aliyefiwa.

"Chukua beberu, Perpetua," akasema chini chini. Jina langu. Hajawahi kuniita kwa jina uso kwa uso.

Ningesikia pale. Kama ningekuwa na masikio ningesikia. Lakini nilikuwa na miezi mitatu kifuani.

"Sitaki beberu. Jua linashuka. Au baba yenu alale hapa?"

Mzee Apusiga akaingiwa na haraka. Yeye hajui kusoma, kwake karatasi ni karatasi. "Akolgo, mpe mtumwa anachotaka tuendelee. Mambo gani haya ya kuvutana? Andika!"

Akapiga goti mbele ya kigoda, maana mbele ya joho lile hata mwana hasimami. Nikampa kalamu. Akajaza alama. Niliona anaandika, na alikuwa ananipa alama za juu, themanini, themanini na tano, bila kusita, kama alizijua zamani. Akatia sahihi. Mkono wake mzuri, wa mtu wa ubao.

Na hapo ndipo nilipopaswa kuinuka. Lakini watu walikuwa wanashangilia, na mimi nilikuwa nimelewa kwa kushangiliwa, na chini ya sahihi palikuwa na kisanduku kimoja kitupu. Dakta alisema mapengo wanarudisha. Nikakisoma kwa sauti ya marehemu, puani, na kikohozi chake:

"Khu! Hapa bado. Namba ya leseni ya mwalimu mlezi. Lete namba, mwanangu! Nikawaonyeshe huko ninakokwenda kwamba nimezaa mwalimu!"

Watu wakacheka. Wakangoja. Magoma yakangoja.

Mwalimu Akolgo alikuwa bado amepiga goti, kalamu juu ya kisanduku. Jasho lilimtiririka na vumbi likalishika.

"Sina," akasema.

"Ati nini?" Mzee Apusiga akauliza.

"Sina leseni, kaka. Nimefanya mtihani mara tatu. Mara tatu nimeanguka." Alikuwa anaongea na joho, hakuinua macho kufika usoni kwangu. "Miaka ishirini na miwili nafundisha, tangu kabla ya leseni hizi. Sina namba."

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja wa darasa letu, nadhani Atampoka, alikuwa amekaa juu ya ukuta na wenzake, na wote walikuwa wameacha kutikisa miguu.

Madam Talata ndiye aliyetembea mpaka pale. Akanivua kofia. Akanivua joho, bega moja, kisha la pili, kama mtu anavyomvua mtoto aliyejichafua. Akaninyang'anya na fimbo. Akamwinua Mwalimu Akolgo kwa kiwiko. Magoma yakaanza tena kwa uvivu, wakampeleka mzee nje ya lango, jua likatua. Kuku mweupe alibaki miguuni pangu amefungwa.

Jumapili, 10 Desemba

Sikwenda misa.

Mma Lamisi hajaongea nami tangu jana ila neno moja. Nilimuuliza, si ni wewe uliyenifundisha? Akasema, "Nilikufundisha kuomba. Kumvua nguo hukuniambia."

Lakini mimi sikuanza! Nilimwomba kama mtu na mtu. Angeniambia tu: Perpetua, sina namba, nisitiri. Ningemsitiri. Nadhani ningemsitiri. Yeye ndiye aliyeingiza uongo ndani ya utani kwanza, akajificha humo kama mwizi ndani ya pipa la nafaka. Kwa nini lawama zote niogeshwe mimi?

Nimeandika haya mara mbili nikafuta. Bado nayaamini.

Jumatatu, 11 Desemba

Mwalimu Akolgo hakuja. Nimefundisha darasa lote. Watoto wametulia kama wameonywa. Hakuna aliyeniuliza swali.

Jumanne, 12 Desemba

Madam Talata ameniita ofisini. Fomu mpya ilikuwa mezani, ameiomba kwa Dakta Ofosu mwenyewe, imeletwa na basi. Ameijaza yote. Alama zile zile za Mwalimu Akolgo, amezinakili moja moja. Penye mlezi ameandika jina lake, na kwenye kisanduku namba yake. Akapiga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukaruka.

"Ungeweza kufanya hivi Novemba," nikasema. Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Ningeweza. Na wilaya wangeuliza kwa nini mlezi si yeye, na ningewajibu nini? Nilikuwa navuta siku, ili wakija kuuliza awe amefaulu mtihani wa Januari. Alikuwa anasoma safari hii, anasoma kweli. Kitabu chako umekikosa tangu lini?"

Nikahesabu: tangu wiki ya kwanza.

"Walimu watatu nina nafasi zao tupu, Perpetua. Yule ndiye aliyewafundisha nusu ya watu uliowaona matangani. Jana wilaya wamepiga simu. Mtu kawaambia. Kuanzia Januari asiingie darasani mpaka awe na namba." Akanisogezea fomu. "Darasa la sita watafundishwa na kuta. Chukua karatasi yako."

Nimeichukua. Ningefanyaje?

Jumatano, 13 Desemba

Vumbi. Nimefungasha.

Alhamisi, 14 Desemba

Basi la Tamale, kilipo chuo, linaondoka saa nne asubuhi. Saa mbili nikaenda shuleni kuaga, nikijua hayupo. Alikuwepo. Yuko peke yake darasani, anafuta ubao. Mbwa wa Oktoba alikuwa bado ameachwa pembeni, watoto walikuwa wamemzungushia mstari wasimfute. Amemfuta.

Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa usiku mzima: nitamwambia samahani, kisha nikaona samahani kwa mtani ni kitu cha ajabu, hakuna aliyewahi kuiomba. Nikaona bora nifanye tunavyofanya.

"We Mfrafra," nikasema. "Mla vichwa. Unafuta mbwa au unamlamba?"

Akageuka. Akaweka kifutio mezani, akapangusa mikono kwenye leso, vidole vyote kumi. Akaja mpaka mlangoni na kitabu changu kinene. Alikuwa amekiwekea jalada la gazeti, pembe zilizokunjika amezinyoosha. Akakitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama unavyompa mkubwa wako.

"Kitabu chako, Madam Kuuire. Samahani kwa kukichelewesha."

"Mwalimu..."

"Somo lako la ujazo, lile la vibuyu, lilikuwa zuri sana. Nililinakili lote. Nimefundisha miaka mingi sijawahi kulifikiria."

"Nitukane," nikasema. Nilijisikia mjinga lakini nikasema. "Mimi si mtumwa wako? Babu yako si alimnunua babu yangu? Nitukane, basi, niende."

Akaniinamia kidogo, kwa heshima kamili, kama anavyowainamia wageni wa wilaya.

"Nakutakia safari njema, Madam. Mungu akufanikishe katika mtihani wako."

Nikangoja. Watoto wawili walikuwa wanapita na ndoo, nao wakasimama, wakamtazama yeye, wakanitazama mimi, wakingoja. Alirudi ubaoni akaendelea kufuta mahali palipokwisha kufutika.

Ndani ya basi nimekifungua kitabu. Kurasa za mwisho, penye maswali ya kujipima, amejibu yote kwa penseli kisha akafuta, lakini alikuwa anakandamiza na maandishi yanaonekana ukiinamisha kwenye mwanga. Mengi amepata. Nimeyasahihisha yote njiani, vema, vema, vema, mpaka Tamale.

Ijumaa, 15 Desemba

Fomu imepokelewa. Karani ameikagua ukurasa kwa ukurasa, akasema haina pengo.